Mayai ya minyoo, jua la Mabogini na profesa wa Leeds

Nilikuwa darasa la tano nilipoambiwa kwamba wali wa nyumbani kwetu umetokana na maji ya chooni. Aliyeniambia alikuwa mtoto mwenzangu, naye aliyasikia kwa mama yake, na aliyasema mbele ya wenzetu wakati wa mapumziko. Mjomba wangu alikuwa mkulima wa mpunga Mabogini, kusini ya mji wa Moshi, na hadi leo analima hukohuko. Kila msimu hakukosa kutuletea gunia. Mabogini ndiko yaliko mabwawa ya kusafishia majitaka ya mji, na maji yakishatoka bwawa la mwisho wakulima huyaelekeza majarubani. Si siri, kila mtu wa pale anajua. Siku ile nilirudi nyumbani nikakataa kula. Mama hakunilazimisha. Alinifunikia sahani, akasema njaa ikinishika nitakikuta chakula mezani, na usiku nilikula.

Swali lilibaki. Yule mtoto alikuwa amesema uongo au kweli? Imenichukua zaidi ya miaka ishirini kulijibu kwa namna inayoniridhisha, na aliyenisaidia kuliko wote ni mtu ambaye sijawahi kuonana naye: Duncan Mara, profesa mstaafu wa uhandisi ujenzi wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Huyu ni mtu aliyeutumia karibu umri wake wote wa kazi kwenye mambo ambayo wengi wetu hatupendi hata kuyataja tukiwa tunakula: mabwawa ya majitaka, vyoo vya shimo, mabomba membamba ya mitaa ya watu wa kipato cha chini, na maji machafu ya kumwagilia mashamba.

Nilikutana na jina lake mwaka wa pili chuoni. Mwalimu wetu alikuja na nakala ya fotokopi iliyokwisha kufotokopiwa mara nyingi hadi michoro ikawa mawingu meusi, akatuambia tuinakili kwa zamu. Kilikuwa kitabu cha Mara cha mwaka 1976 kuhusu kusafisha majitaka katika nchi za joto. Miaka miwili kabla yake alikuwa ametoa kingine cha kuwafundisha wahandisi bakteriolojia, maana aliona mhandisi anayejua zege na mabomba lakini hajui kiumbe kinachofanya kazi ndani ya lile zege hawezi kufika mbali. Mara alianza kazi ya ualimu huku kwetu, Chuo Kikuu cha Nairobi, kabla ya kurudi Uingereza. Nilipolijua hilo niliona kwa nini kitabu kile kilinisomekea tofauti na vingine. Vingine vyote vilikuwa vimeandikwa kwa ajili ya miji yenye theluji, na sisi tulikuwa tunavisoma huku jasho linatutiririka.

Kitabu chake kinaanzia kwenye joto, na ni joto ndilo lililonifanya nimpende.

Bwawa la majitaka ni shimo kubwa, si refu sana kwenda chini, ambalo maji machafu huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili baada ya siku kadhaa. Hakuna pampu, hakuna mota, hakuna dawa. Vinavyosafisha ni bakteria, mwani mdogo wa kijani, jua na muda. Bakteria hula uchafu, mwani huwapa hewa ya oksijeni mchana, na kadiri kunavyokuwa na joto ndivyo wote wawili wanavyofanya kazi kwa kasi. Mhandisi anatakiwa kujua hekta moja ya bwawa inaweza kubeba uchafu kiasi gani kwa siku bila kuzidiwa ikaanza kunuka. Mara alitoa kanuni ambayo ndani yake unaingiza kitu kimoja tu: wastani wa joto la mwezi wa baridi kuliko yote mahali pale. Aliichapisha kwa sura inayotumika hadi leo mwaka 1987.

Nakumbuka jioni nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza, bwenini, kwa kalkuleta iliyopasuka kioo. Nikaweka nyuzi 10, nikapata kilo 100 za uchafu kwa hekta kwa siku. Uchafu huo ni ule tunaoupima kwa kiasi cha oksijeni unachokula, yaani BOD. Nikaweka nyuzi 20, nikapata 253. Nikaweka 25, nikapata 350. Nikarudia kila moja kuhakikisha sijakosea. Hekta moja ya bwawa mahali pa nyuzi 25 inafanya kazi ya hekta tatu na nusu za mahali pa nyuzi 10!

Huenda msomaji asione ajabu iko wapi. Nilikuwa nimesoma shule miaka yote ile nikiambiwa nchi yetu haina hiki, haina kile, imechelewa huku, imekosa kule. Hapa nilikuwa na kanuni ya kihandisi, imepimwa na kuhakikiwa, inayosema kwamba katika kazi hii sisi tumejaliwa. Jua letu ni mtambo. Wenye baridi wanalazimika kununua umeme ili wapate nusu ya kile tunachopewa bure kila siku kuanzia saa mbili asubuhi. Mara hakuwa wa kwanza kuliona hilo, na yeye mwenyewe hakuficha: mhandisi Gerrit Marais alikuwa ameyachunguza mabwawa ya Lusaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kanuni yake ya mwaka 1974 ya jinsi bakteria wanavyokufa haraka zaidi kadiri joto linavyopanda ndiyo Mara aliyojengea juu yake. Lakini Mara ndiye aliyelishika jambo hilo akakaa nalo, akaligeuza miongozo ambayo fundi wa halmashauri anaweza kuifuata hatua kwa hatua.

Chuoni tulijifunza kanuni. Bwawa lenyewe nilifundishwa na mzee mmoja mlinzi, katika mji ambao sitautaja, nilipokwenda kufanya utafiti wangu. Kila nilipofika alfajiri nilimkuta anazunguka kingo na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo la pili limelala vibaya."

Mwanzoni sikuelewa anasema nini. Baadaye niliona kwamba alikuwa anayasoma maji. Bwawa la kwanza, lile refu kwenda chini lisilo na hewa, linatakiwa liwe jeusi na lenye utando juu. Likiwa na utando wake hulisumbui. La pili linatakiwa kuwa kijani kibichi iliyokolea. Likianza kupauka, mwani unakufa. Likianza kuwa na rangi ya waridi inayoelekea zambarau, limezidiwa na mzigo, na bakteria wengine wapendao salfa wamelikalia. Ile asubuhi aliyosema limelala vibaya, kona moja ilikuwa na rangi hiyo ya waridi. Nilipima, nikakuta uchafu unaoingia umeongezeka sana, kwa sababu magari ya kunyonya vyoo yalikuwa yanamwaga usiku kwenye tundu la kuingilia bwawa la pili badala ya la kwanza. Mzee alikuwa anajua tangu juzi. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nilikaa kando ya lile bwawa saa ishirini na nne mfululizo, nikishusha kifaa cha kupimia kila baada ya saa moja. Kazi hiyo ilinibadilisha. Saa kumi na moja alfajiri oksijeni ilikuwa karibu sifuri. Jua lilipotoka, mwani ukaanza kuamka, na kufikia saa tatu ulikuwa unaona vipovu vidogo vikipanda kama soda iliyomwagwa kwenye glasi. Saa nane mchana maji yale yalikuwa yamejaa oksijeni kupita kiasi ambacho maji ya kawaida huweza kushika, na yalikuwa yamepoteza asidi hadi pH ikavuka 9. Mwani hula hewa ya ukaa, na hewa ya ukaa ikiisha majini, pH hupanda. Jioni kila kitu kikaanza kushuka tena taratibu. Bwawa lile lilikuwa linapumua.

Mwaka 1992 Mara, pamoja na Tom Curtis na Mbrazili Salomão Silva, walieleza kwa nini kupumua huko kunaua vijidudu vya kinyesi. Jua peke yake halitoshi, kwa sababu mwanga hauendi mbali ndani ya maji ya kijani. Mwanga, oksijeni nyingi na pH ya juu vikikutana mahali pamoja ndipo bakteria wa tumboni wanapoharibika wasipone. Na vitu hivyo vitatu hukutana bwawani kila mchana wa jua bila mtu kubonyeza chochote. Nilisoma makala ile nikiwa na ngozi ya pua inayobanduka kwa jua la utafiti, na nilielewa kila mstari.

Bakteria ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni minyoo, na hapa ndipo ninaporudi kwenye gunia la mjomba.

Mnyoo wa mchango jike mmoja anaweza kutaga mayai laki mbili kwa siku. Yai lake chini ya hadubini ni zuri, na sioni aibu kusema hivyo: lina rangi ya dhahabu iliyochoka na ganda lenye vinundu kama ganda la topetope. Ganda hilo ndilo balaa. Yai linaweza kukaa ardhini miezi, hata mwaka na zaidi, likisubiri kidole cha mtoto. Klorini haliiogopi. Mtambo wa kisasa wa gharama unaweza kutoa maji yanayong'aa ambayo bado yana mayai hai. Lakini yai lina udhaifu mmoja: ni zito kuliko maji. Ukilipa utulivu na siku za kutosha, linazama lenyewe hadi kwenye tope la chini, na halitoki.

Siku ngapi zinatosha? Mara na wenzake walilijibu hilo mwaka 1992 pia, kwa takwimu za mabwawa ya Brazil, India na Kenya. Kwa makadirio yao ya tahadhari, bwawa linaloyashika maji siku 5 huondoa zaidi ya asilimia 95 ya mayai. Linaloyashika siku 10 huondoa zaidi ya 99. Na kwa kawaida mabwawa hupangwa matatu au manne kwa mfululizo, kwa hiyo kilichopita la kwanza hunaswa na la pili. Nimehesabu mayai hayo kwa miaka sasa. Unachukua lita kadhaa za maji, unaacha zitulie, unamwaga ya juu, unazungusha mashapo kwenye sentrifuji, unayaelesha mayai kwenye maji ya chumvi nzito, kisha unakaa kwenye hadubini shingo inakuuma. Kwenye maji yanayoingia unahesabu hadi unachoka. Kwenye maji ya bwawa la mwisho, la mji ule wa yule mzee, kabla ya magari kuanza kumwaga ovyo, niliwahi kupitisha macho kwenye slaidi nane bila kukuta hata moja.

Sasa njoo kwenye sheria, maana hapa ndipo kazi ya profesa mmoja ilipowagusa wakulima wengi ambao hawatalijua jina lake. Kwa miaka mingi dunia ilikuwa inatazama kipimo cha California, kilichotaka maji ya kumwagilia mazao yanayoliwa mabichi yasiwe na kolifomu, yaani bakteria wanaoashiria uchafu wa kinyesi, zaidi ya 2.2 katika mililita 100. Hayo ni karibu maji ya kunywa! Mto ambao mkulima wa Afrika anachota kila siku hauwezi kukifikia kipimo hicho. Shirika la Afya Duniani mwaka 1973 lililegeza hadi 100, na bado ilikuwa ndoto kwa nchi nyingi. Matokeo yake yalikuwa mabaya kwa namna ambayo wenye nia njema hawakuitarajia. Serikali ziliandika kipimo hicho kwenye karatasi, zikashindwa kukifikia, na kwa kuwa hakifikiki hazikusafisha kabisa. Wakulima wakaendelea kutumia majitaka ghafi.

Mwaka 1985 wataalamu wa afya na wahandisi walikutana Engelberg, Uswisi, wakauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa mapema zaidi: ni watu gani hasa wanaougua, na kwa ugonjwa gani? Walipotazama ushahidi wa magonjwa yenyewe, badala ya hofu, waliona hatari kubwa kuliko zote ni minyoo, ambayo vipimo vya zamani havikuitaja. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani likatoa miongozo mipya: yai lisizidi moja kwa lita, na kwa mazao yanayoliwa mabichi kolifomu zisizidi 1,000 kwa mililita 100. Mwaka huohuo Mara na Sandy Cairncross waliandika mwongozo wa kuyatekeleza hayo. Na vipimo hivyo viwili ni vipimo ambavyo mfululizo wa mabwawa yaliyopangwa vizuri na kutunzwa unavifikia, katika nchi yenye jua, bila senti ya umeme.

Wapo waliosema kwamba hiyo ni kuwapangia maskini kipimo cha maskini. Nimelifikiria shutuma hilo kwa muda mrefu, kwa sababu mimi ndiye mtoto aliyekuwa anakula ule wali, na sikubaliani nalo. Kipimo kisichofikika hakijawahi kumlinda mtu yeyote. Na Mara na wenzake hawakukomea pale. Mwaka 2000 walipendekeza kwamba pale watoto wa chini ya miaka 15 wanapoingia mashambani, yai moja kwa lita ni mengi, kiwe sehemu moja ya kumi ya yai. Miongozo ya mwaka 2006 ikaenda mbali zaidi: ikasema usalama hautoki kwenye bwawa peke yake, unagawanywa kati ya bwawa, namna ya kumwagilia, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, kuosha, kumenya na kupika. Kupika peke yake kunaondoa karibu kila kijidudu kilichobaki.

Kwa hiyo yule mtoto wa darasa la tano alisema kweli kuhusu maji, akakosea kuhusu wali. Wali umepikwa. Anayebeba hatari ni mtu mwingine, na nitamfikia.

Kabla sijamfikia, kuna jambo ambalo limenikaa rohoni na ambalo lina sahihi yangu. Miaka michache baada ya kumaliza masomo niliajiriwa na kampuni ya ushauri, na nikawa mmoja wa waliopitisha mtambo wa kusafisha majitaka wa shule moja ya bweni yenye wanafunzi wapatao 600. Mfadhili alitaka mtambo wa kisasa. Ulikuwa tangi la zege na mashine mbili za kupuliza hewa usiku na mchana. Siku ya kuzindua maji yalitoka meupe, watu wakapiga makofi. Bili ya umeme ya mwezi wa kwanza ilimshtua mkuu wa shule. Kufikia muhula wa pili mashine zilikuwa zinawashwa pale tu mgeni anapotarajiwa. Nilikwenda siku ambayo hawakunitarajia. Tangi lilikuwa limegeuka shimo la maji meusi yanayochemka gesi, na yaliyofurika yalikuwa yanafuata mtaro hadi kijito ambacho akina mama wanafulia.

Usiku ule nilifanya hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kuweka sahihi. Wanafunzi 600, kwa gramu 40 za uchafu kila mmoja kwa siku, ni kilo 24. Kwa nyuzi 20, bwawa la kwanza lisilo na hewa linahitaji mita za ujazo 80 tu, nalo linaondoa asilimia 60 ya mzigo. Zinazobaki, kilo zisizofika 10, zinahitaji bwawa la pili la mita za mraba kama 380. Ukiongeza mengine mawili madogo ya kukomazia maji, yote yanaingia ndani ya uwanja wa mpira na nafasi inabaki. Shule ile ilikuwa na ekari nyingi za majani makavu. Nilikuwa na fotokopi ya Mara nyumbani, kwenye sanduku, na sikuifungua, kwa sababu bwawa lilionekana kitu cha kizamani na mimi nilikuwa mhandisi kijana.

Mara amelijadili jambo la ardhi na umeme kwa miaka yote. Hoja yake ni nyepesi. Ukichagua bwawa, unalipia ardhi mara moja, na ardhi inabaki mali yako inayopanda thamani. Ukichagua mtambo wa umeme, unalipa kila mwezi milele, na kilicholipiwa kimekwisha. Si kwamba mabwawa yanafaa kila mahali. Dar es Salaam ukitafuta hekta kumi tambarare karibu na watu utalia. Nyumba zimeyasogelea mabwawa ya Vingunguti hadi mtu anaanika nguo akiyatazama. Na bwawa lina adui wake wa kimyakimya, tope. Lisipotolewa kwa wakati, lile la kwanza linajaa, siku 5 za maji kutulia zinakuwa siku 2, na mayai yanapita. Utaratibu wetu unajua kukata utepe wa bwawa jipya na haujui kutenga fungu la kuchota tope la bwawa la zamani. Nimeona bwawa lililojaa hadi majani yameota katikati na mbuzi wanatembea juu yake. Hilo halikuwa kosa la teknolojia.

Lakini penye nafasi, mabwawa hufanya makubwa. Nenda Ruai, mashariki ya Nairobi, uyaone mabwawa ya Dandora, ambayo ni miongoni mwa makubwa kuliko yote Afrika. Watu huenda pale na darubini zao kutazama ndege, bata na korongo kwa mamia. Na hata kwao Uingereza, kwenye baridi ya Esholt karibu na Bradford, Mara na wanafunzi wake waliendesha mabwawa ya majaribio yenye vichujio vya mawe, kuonyesha kwamba kijiji kidogo hata huko hakihitaji mtambo mkubwa.

Kazi zake nyingine nitazipita haraka, ingawa kila moja ingestahili makala. Alikuwa na wenzake Benki ya Dunia mwanzoni mwa miaka ya 1980 walipoandika miongozo ya vyoo vya gharama nafuu, pamoja na kile cha shimo chenye bomba la hewa ambalo nzi hulikimbilia mwanga wake juu na kunaswa na wavu. Aliupigania pia mfumo wa mabomba membamba ya majitaka ulioanzia Brazil, ambapo bomba la milimita 100 hupita uani badala ya katikati ya barabara, kwa mteremko mdogo, na kaya kadhaa huunganishwa pamoja. Vingunguti kuna mtaa ulioujaribu mfumo huo. Mitaa ambayo gari la kunyonya haliingii, na ambako mvua kubwa ikinyesha watu hutapisha vyoo kwenye maji yanayopita, haina njia nyingi nyingine.

Ninachomshukuru zaidi ni kwamba aliandika ili asomwe. Maprofesa wengi huandika makala zinazofungiwa kwenye majarida ambayo chuo chetu hakiwezi kulipia. Mara aliandika hayo pia, lakini kila alipomaliza utafiti aligeuka akaandika mwongozo. Mwaka 1992 yeye na wenzake walitoa mwongozo wa mabwawa kwa Afrika Mashariki. Ukafuata wa India mwaka 1997, na wa nchi za Mediterania mwaka 1998. Mwongozo wake wa mabomba membamba wa mwaka 2001 ulikuja na programu ya kompyuta ya kufanyia hesabu, na vyote viliwekwa kwenye tovuti ya Leeds, bure, kwa yeyote mwenye intaneti. Nilipakua vyote kwa siku mbili kwenye mgahawa wa intaneti, kwa diski mweko ya kuazima.

Na bado viko kwa Kiingereza. Yule mzee mlinzi, aliyejua kabla ya vifaa vyangu kwamba bwawa limelala vibaya, hawezi kuvisoma. Mwaka jana niliandika karatasi sita za Kiswahili kwa ajili ya walinzi na vibarua wa mabwawa: rangi gani ni nzuri na ipi ni ya kuripoti, utando wa bwawa lipi unaachwa na wa lipi unaondolewa, kwa nini majani ya kingoni yafyekwe ili mbu wasizaliane, kwa nini uvae glovu hata kama umezoea miaka ishirini. Nilimsomea mzee kwa sauti. Alinirekebisha mahali pawili. Alisema nimesahau harufu, kwamba kabla rangi haijageuka harufu hutangulia kwa siku moja au mbili, na inafanana na yai viza lililofukiwa kwenye majivu. Nikaiandika hivyohivyo.

Sasa yule anayebeba hatari. Ni mjomba. Anayesimama majarubani magoti ndani ya maji, na mjukuu wake anayemfuata na kopo la uji, ndio ambao yai moja kwa lita linawahusu. Desemba nilikwenda Mabogini, nikaketi naye chini ya mwembe, nikamweleza yote: yai, ganda, tope, siku kumi, kidole cha mtoto. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo mpunga wangu hauna neno," akasema mwishowe.

"Ukipikwa hauna neno, mjomba. Wewe ndiye mwenye neno. Miguu na mikono. Na huyu mdogo."

Akaitazama miguu yake kwa muda, kama mtu anayeangalia ng'ombe wa jirani. Kisha akauliza dawa ya minyoo zahanati wanatoa mara ngapi kwa mwaka, na kama buti zinazouzwa Moshi sokoni zina namba ya mtoto wa miaka saba. Zilikuwepo. Tulipata jozi ya kijani, kubwa kidogo kuliko mguu. Mjukuu alizivaa hapohapo sokoni akakataa kuzivua hadi nyumbani, zikigonga visigino kila hatua. Jioni mjomba aliziosha kwa maji ya bomba, akazipanga za kwake na za mtoto upande wa nje wa mlango, halafu akaingia kunawa mikono kabla ya kula.